Sauti Kwenye Kona ya Bazilio

Kasulu nzima ilijua Gharibu atampiga Bazilio wapi. Ukienda kunyoa kwa Godson, pale nyuma ya stendi, unaambiwa ni kichwani. Ukinunua dagaa sokoni, muuza dagaa naye, mtu ambaye mbu wenyewe anawapisha, anakuambia kichwani, kichwani tu, wapi tena? Na ushahidi walikuwa nao mfukoni. Kulikuwa na video ya nusu dakika, raundi ya saba ya pambano la kwanza: mkono wa kulia wa Gharibu unatoka, taya ya Bazilio inageuka, na jitu la kilo mia na nane linakwenda chini mzima mzima. Nusu dakika hiyo ilikuwa kwenye kila simu. Raundi sita za kabla yake hakuna aliyezirekodi, na siku hizi kisichokuwamo kwenye simu hakikutokea.

Loyce hakuhitaji simu ya mtu. Yeye ndiye mke wa Bazilio, na yeye ndiye aliyemkanda wiki tatu kwa maji ya moto na chumvi. Usoni alikuta alama mbili. Ubavuni kwa nyuma, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, aliacha kuhesabu alipofika kumi na tisa. Siku tisa mwanamume yule alikojoa damu, na usiku aligeuka kitandani kwa kushikilia ukuta.

Daktari wa hospitali, kijana wa Kipare aliyehamishiwa wilayani mwaka ule, hakuzunguka mbuyu. "Baba, figo yako ya kushoto ni ndogo, umezaliwa nayo hivyo, haina kazi ya maana. Unaishi kwa hii ya kulia. Imepona kwa huruma ya Mungu. Ikipigwa hivi mara ya pili, mimi siahidi kitu."

"Nimekusikia, daktari," alisema Bazilio. Miezi mitatu baadaye akatia saini ya marudiano, Kibondo, Jumamosi, saa tisa alasiri. Mshindi milioni mbili na nusu, anayeshindwa laki tano.

Usidhani ni tamaa ya hizo milioni. Tamaa ilikuwepo, nani hana? Lakini kilichomsukuma ni jina. Tangu aanguke raundi ya saba, mji ulimwita Saba. Akipita na msumeno begani, watoto wanaimba, "Saba! Saba!" na watu wazima wanajifanya kuwakanya huku meno yote nje. Siku moja bombani Loyce aliwakuta wanawake wamepanga ndoo, na mmoja akasema kwa sauti ya huruma ya uongo, "Jamani mpisheni Mama Saba achote mapema, asije akatuangukia hapa." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Loyce alichota maji yake, akajitwika, akaondoka bila kumwaga hata tone. Alilia alipofika kwake, na alilia kwa hasira.

Bazilio alikuwa mpasua mbao. Mwenzake wa msumeno alimkimbia baada ya lile pambano, akisema hawezi kufanya kazi na mtu wa kuchekwa. Kwa hiyo huko Nyakitonto, kwenye miti ya watu waliyopewa kupasua, Loyce mwenyewe alishuka chini ya gogo. Msumeno ule mrefu unavutwa na watu wawili, mmoja juu ya jukwaa, mmoja chini yake, na wa chini anakula unga wa mbao siku nzima. Wanaume waliopita njiani walisimama kutazama mwanamke akivuta msumeno. Wengine walimtupia maneno. Aliwaacha, maneno hayapasui mbao.

Wa juu anaona mstari wa juu tu. Upande wa chini msumeno ukianza kupotea, ni wa chini anayejua, na hana muda wa hotuba. Anapiga kelele neno moja. Loyce aliita kwa Kiha, lugha ya nyumbani kwao. Hasi, yaani shusha mkono. Hejuru, pandisha. Na Bazilio alishusha au alipandisha papo hapo, bila kuuliza, bila hata kujua kwamba ametii. Miezi mitatu ya hivyo, mkono wake ukawa mali ya sauti ya mkewe.

"Usiende Kibondo," Loyce alimwambia siku moja walipokaa kula mihogo juu ya gogo lililopasuliwa nusu.

"Nisipoenda nitazikwa na jina la Saba."

"Na ukienda utazikwa na lipi?"

Bazilio alimega muhogo mwingine. "Watu wote wanasema atakuja kichwani. Nikilinda kichwa nimemaliza."

"Watu wote walikukanda?" Loyce alimgeuza kwa nguvu, akamfunua shati, akambonyeza kwa kidole gumba pale pale. Jitu lile likaruka na kuguna. "Gharibu ni muuza nyama, Baba Kasian. Tangu akiwa mdogo anapasua ng'ombe. Anajua figo inakaa wapi kuliko huyo daktari. Ile ngumi ya taya ilikuwa ya kukuzika tu. Ulishakufa tangu raundi ya nne. Atakuja hapa tena. Ataanza na uso ili unyanyue mikono, halafu atashuka hapa."

Bazilio alishusha shati. "Kamwambie kocha," alisema.

*

Kocha Nurudini alikuwa mtu wa Tanga, mwanajeshi mstaafu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kasulu na uwanja wa mazoezi nyuma yake, baina ya mabati na mifuko ya saruji. Alijua ngumi, hilo tusimnyime. Lakini alikuwa na ugonjwa wa watu wanaojua, masikio yalishaziba. Miaka kumi na sita kaishi Kasulu, na Kiha alichojua ni kuitikia salamu, na hata hiyo aliitikia vibaya.

Loyce alimweleza mbele ya vijana waliokuwa wakipiga gunia la mchanga. Alimwonyesha kwa mkono wapi, mara ngapi, kwa mpangilio gani. Kocha alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akawageukia vijana.

"Mmesikia? Nimefundisha ngumi miaka ishirini, leo nafundishwa na mkandaji." Vijana wakacheka. "Mama, mke wa bondia kazi yake ni kukanda na kupika uji. Mikono juu, kinga kichwa, ndiyo mbinu yetu. Video umeiona?"

"Video ni ya nusu dakika, kocha. Mimi nimelala na hizo raundi sita."

"Basi endelea kulala nazo."

Vijana wakaanguka kwa kicheko. Loyce alisimama pale uso ukimwaka moto, na Bazilio, mume wake, alikuwa akitazama kamba za viatu vyake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini ukiwaambia wenye vyeo hivyo wanakuona mtovu wa adabu. Alichopata siku ile ni kimoja: kwa kuwa hakukuwa na wa kubeba ndoo na sponji, kocha alikubali aende Kibondo kama mbeba maji kwenye kona.

Walipofika nyumbani, Bazilio ndiye aliyeanza. "Utaniita."

"Nini?"

"Kama kwenye msumeno. Kona iko karibu na ulingo. Ukimwona anashuka ubavuni, sema hasi, nitashusha kiwiko. Akija usoni, sema hejuru. Kocha haelewi Kiha, atadhani unaniombea."

"Na Gharibu?"

"Gharibu ni Mswahili. Kiha atakijulia wapi?"

Hapo ndipo walipokosea, na kosa lenyewe usimtupie mtu mmoja. Huku kwetu ukivaa kofia, ukiwa na babu aliyetoka pwani, na ukisema maneno yako laini laini, basi wewe ni Mswahili, na Mswahili hajui Kiha. Watu watakusengenya mbele ya pua yako huku wakikuchekea. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye kofia. Loyce naye hakuuliza. Alimshika mumewe kiwiko cha kulia, akakibana ubavuni kwa mikono yote miwili. "Kikae hapa," alisema. "Wakikuua mimi nitavuta msumeno na nani?"

*

Kibondo ilijaa. Fuso mbili zilitoka Kasulu na watu waliosimama njia nzima, na wenyeji walikuwa wameshachukua viti vyote. Ulingo ulijengwa katikati ya uwanja wa shule, mbao kavu zilizotandikwa turubai, na jua la saa tisa lilikuwa linachoma. Gharibu alipanda akiwa na kofia yake nyeupe, akaivua, akaibusu, akampa dada yake Swaumu aliyekaa mstari wa mbele, nyuma tu ya kona ya Bazilio. Alikuwa mnene wa mabega na mwembamba wa miguu. Alimwinamia Loyce kidogo. "Shemeji, hujambo?" alisema kwa upole. Loyce alichovya sponji kwenye ndoo.

Kengele ikalia. Dakika nzima Gharibu alirusha ngumi za usoni, nyepesi nyepesi, na Kasulu yote ikapiga kelele, "Kichwa! Kichwa!" Kocha Nurudini akampiga Loyce begani kwa furaha. "Unaona?" Loyce alikuwa anatazama bega la kushoto la Gharibu. Likazama.

"Hasi!"

Kiwiko cha Bazilio kikashuka, na ngumi iliyokuwa inakwenda kwenye figo ikagonga mfupa. Gharibu akakunja uso, akautikisa mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Bazilio akamjibu kwa mkono wa kulia mdomoni, na mdomo ukapasuka.

Ndivyo ilivyokuwa raundi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Hasi, na ngumi inapiga mfupa. Hejuru, na ngumi inapiga glavu. Na kila Gharibu alipokosa, alilipa. Bazilio hakuwa mwepesi, lakini mkono uliovuta msumeno miaka kumi si mkono wa mchezo. Raundi ya tatu alimpiga juu ya jicho, nyama ikafunguka, damu ikashuka mpaka kifuani, na ngumi iliyofuata ikairusha mpaka kwa waamuzi wa pembeni. Kasulu waliimba. Hakuna aliyeita Saba. Loyce alijisikia mwili mzima unatetemeka kwa raha, raha mbaya, ya kutaka yule mtu avunjwe. Aliona aibu kidogo, lakini kidogo tu.

Mapumziko Gharibu alikaa kwenye kigoda chake huku wakimziba jicho. Hakumtazama Bazilio. Alimtazama Loyce, muda mrefu, kisha akatabasamu na meno yake mekundu.

Raundi ya nne bega la kushoto likazama tena. "Hasi!" Kiwiko kikashuka. Lakini ile ngumi ya ubavuni haikuja. Ulikuja mkono wa kulia kutoka juu, ukampata Bazilio taya wazi kabisa, na kinga ya meno ikaruka na mate na damu. Wakakumbatiana. Mwamuzi akawaachanisha. Bega likazama, Loyce akaita, na taya ikapigwa tena mahali pale pale. Akadhani amechelewa. Akaita mapema zaidi. Ikawa mbaya zaidi. Raundi ya tano alipoita "Hejuru!" mikono ya mumewe ilipanda kwa utii, na Gharibu akaingia chini akampiga figo, mara mbili, ngumi za karibu, zenye sauti ya shoka linaloingia kwenye mti mbichi. Bazilio alifungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Nyuma yake Loyce akasikia kicheko. Ni Swaumu, kofia ya kaka yake mapajani. "We dada," Swaumu alisema, na hata hakusema kwa ubaya, "koo lako unaliumiza bure. Gharibu kanyonya ziwa la Mha. Mama yetu alifariki naye mchanga, akalelewa Mabamba na bibi Niyomwungere, muuza maziwa, mpaka akaanza shule. Kiha ndiyo lugha aliyoanza kulilia."

Loyce akageuka kutazama ulingo. Kila neno lililotoka kinywani mwake toka raundi ya nne lilikuwa limetua kwenye mwili wa mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa anampiga.

Kengele ya mapumziko ilipolia alikimbia na ndoo. "Baba Kasian, sikiliza, yule..." Kocha akamsukuma kwa kiwiko. "Wewe maji tu! Maji! Unamchanganya!" Akamziba Bazilio kwa mgongo wake, akimpaka mafuta, akipiga kelele, mikono juu, kinga kichwa. Msaidizi wa Gharibu alikuwa amesogea mpaka hatua tatu kutoka kona yao, anajifanya kukaza kamba, masikio wima. Filimbi ya kuondoa watu ikapigwa. Juu ya bega la kocha, Bazilio alimtafuta mkewe kwa lile jicho moja lililokuwa bado linafunguka.

"Ita," alisema kwa taabu. "Hata iweje, usiache kuita."

Loyce akaona: maskini, hajui. Bado anamwamini.

Raundi ya sita Gharibu alikuja taratibu, hana haraka. Bega la kushoto likazama. Loyce alijaza kanga mdomoni akaiuma. Afanye nini? Akisema kweli, Gharibu anasikia. Akisema uongo, Bazilio atautii. Alinyamaza. Na kitu cha ajabu kikatokea pale ulingoni: Gharibu akasubiri, Bazilio akasubiri, majitu mawili yamesimama yanavuja damu, yote yakisubiri sauti ya mwanamke mmoja. Uwanja wenyewe ulipungua kelele. Bazilio akageuza macho kumtafuta.

Ngumi ikaingia kwenye figo. Ya pili ikamkuta akikunjika. Ya tatu ilimfikia goti likiwa limeshagusa turubai. Mwamuzi akahesabu, na kwenye tisa mwanamume yule alisimama, sijui kwa miguu ya nani, na jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka kwenye kona na kunguruma, "Ita!"

"Kocha, tupa taulo!" Loyce alipiga kelele.

"Bado."

"Anakufa!"

"Bado, nimesema! Kasimama huyo!"

Gharibu alikuwa ameshafika. Alimpiga ubavuni, akampiga usoni, akarudi ubavuni, kwa utulivu ule ule wa mtu wa buchani mwenye foleni ya wateja. Loyce alipita baina ya kamba. Sketi ilinasa ikachanika mpaka kiunoni, naye hakujali. Alijitupa kifuani kwa mumewe, na ngumi iliyokuwa njiani ikamwangukia yeye begani, ikamzungusha, ikamlaza. Alipofumbua macho mwamuzi alikuwa amepunga mikono yote miwili, pambano limekwisha, na uwanja mzima ulikuwa unacheka.

"Kaokolewa na mke!" walipiga kelele Kibondo. Na Kasulu, wale wale walioimba raundi ya tatu, nao wakacheka, maana kicheko hakina mji.

*

Hospitalini mkojo wa kwanza ulitoka mwekundu. Wa pili haukutoka kabisa. Daktari wa Kibondo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alisema figo imepasuka na gari la wagonjwa litawapeleka Kigoma likipata mafuta. Wakawekwa barazani kusubiri, Bazilio kwenye machela, Loyce chini, mkono wake umefungwa kwa kanga kwa sababu bega lilikuwa limetoka mahali pake.

Kocha Nurudini alikuja kabla jua halijashuka. Alisimama mbali kidogo, kama barazani pananuka. Alimpa Loyce bahasha. "Laki tatu na nusu," alisema. "Wamekata laki na nusu. Faini ya mtu asiyehusika kuingia ulingoni." Akakohoa. "Ubavuni ulisema kweli, mama." Alisema hivyo akitazama viatu vyake, akaondoka.

Bazilio alilamba midomo. Uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba ni midomo tu iliyojulikana.

"Ulinyamaza," alisema.

"Gharibu anajua Kiha." Loyce alianza kulia. "Baba Kasian, anakijua kama sisi. Kalelewa Mabamba. Kila nilichokuambia alikisikia, mimi ndiye niliyekuvunja, ningeendeleaje kuita? Wewe hukujua, mimi..."

"Nilijua."

Loyce aliacha kulia.

"Raundi ya nne, tulipokumbatiana, alinitukania mama. Kwa Kiha. Kiha kizuri kuliko changu." Alivuta pumzi vipande vipande. "Raundi ya tano nikamwachia makusudi, azoee. Uliita, nikatii, akanipiga. Nikamwona ameshaacha kunitazama mimi, anasikiliza wewe tu. Nikasema, sawa, raundi ya sita. Ukiita hasi, yule atakuja na mkono wa kulia juu, kifua wazi. Mimi sishushi. Naingia chini ya mkono wake, namkata kwa kushoto, analala. Nilibakiza ngumi hiyo moja. Nilihitaji neno lako moja tu."

Muuguzi alipita na ndoo. Ndani kulikuwa na mtoto analia. Loyce alimtazama mumewe, na bega lake likawa haliumi tena, kwa sababu kilichokuwa kinauma kilikuwa kingine.

"Ulinitazama mapumziko," alisema. "Ulinitazama kabisa. Mbona hukuniambia?"

Bazilio aligeuza ule uso wake polepole. "Mtu wao yuko hatua tatu," alisema. "Ningekuambia kwa lugha gani, Mama Kasian?"